Donda ndugu la mfupani: kwa nini usaha hurudi kidonda kikishafunga

Mjomba wangu alikuwa na kiberiti kisicho na njiti. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya mfupa, vikavu, rangi ya meno ya mvuta kiko, na kilicho kikubwa hakikuzidi punje ya mchele. Vyote vitatu vilitoka vyenyewe mguuni mwake, kupitia tundu dogo upande wa ndani wa muundi, kwa miaka tofauti. Kimoja alikikuta asubuhi kimenasa kwenye kitambaa alichofungia kidonda usiku.

Mguu aliuvunja mwaka 1989, lori lilipopinduka na mfupa ukachungulia nje. Hospitali wakamshona, wakamfunga hogo, wakamchoma sindano, kidonda kikafunga, akarudi shambani. Mwaka 1993 mguu ukavimba, ukawaka moto siku tatu, ukapasuka palepale pa zamani. Ukatoa usaha wiki mbili, ukafunga. Mwaka 1998, tena. Bibi alisema kijana kakanyaga kitu. Shemeji yake, muuza duka la dawa, alisema dozi haikumalizwa. Mjomba mwenyewe aliilaumu masika. Hakuna aliyefungua kiberiti na kuuliza vile vipande vilikuwa vinafanya nini ndani ya mguu miaka yote hiyo.

Kiswahili kina jina la kidonda cha namna hii, donda ndugu, na aliyelibuni alijua anachosema: ndugu hata akisafiri bado ni wako. Madaktari wa mifupa nao wana tahadhari ileile. Kwa maambukizi sugu ya mfupa wengi wao hawapendi kutamka "umepona". Husema ugonjwa umetulia. Wana sababu. Wapo watu walioumia utotoni au vitani, wakakaa zaidi ya miaka 50 bila shida yoyote, kisha mguu ukapasuka uzeeni na bakteria wakakutwa pale pale.

Kwa hiyo neno "kurudi" linatupotosha kidogo. Mara nyingi ugonjwa haukuondoka. Swali la maana zaidi ni hili: nini kilibaki ndani, mahali ambapo damu haifiki? Ukilishika hilo, vile visababishi vyote utakavyotajiwa hospitali, kuanzia sigara na kisukari hadi chuma kilicholegea na ngozi iliyochelewa kufunika, vinaanza kuonekana kuwa ndugu wa familia moja.

Mfupa nao hufa

Tumezoea kuuona mfupa buchani, mweupe na mkavu, tukadhani hata ndani ya mwili uko hivyo. Mfupa wa mtu aliye hai una damu. Sehemu ya damu hiyo huingia kwa mshipa unaopenya hadi kwenye uboho, sehemu nyingine hutoka nje, kwenye utando mwembamba unaoufunika mfupa na misuli inayoushikilia. Ajali mbaya hukata njia zote mbili kwa mara moja: mfupa ukikatika mshipa wa ndani unachanika, na ile nguvu iliyouvunja humenya utando wa nje kama mtu anayemenya muwa. Kipande kilichobaki katikati hakina tena wa kukilisha, na baada ya muda kinakuwa mfu.

Mfupa mfu si sumu kwa wenyewe. Ukiwa safi, mwili huula taratibu na kujenga mpya mahali pake. Balaa huanza bakteria wakishaukalia. Askari wa mwili husafiri kwa damu, na dawa husafiri kwa damu. Pasipo damu hawafiki wote wawili. Unaweza kumchoma mgonjwa sindano za bei mbaya kila baada ya saa nane, kiwango cha dawa kwenye mishipa kikawa kizuri kabisa kwenye karatasi ya maabara, na kile kipande kikawa kimekaa humo kama jiwe ndani ya mto, hakijaonja hata tone.

Mwili hauketi tu kutazama. Huzungushia eneo hilo ganda la mfupa mpya, na kwenye ganda hilo huacha matundu ya usaha kupumulia. Tundu la ngozini ndilo mwisho wa mfereji huo. Vipande vidogo husukumwa taratibu hadi vikatoka nje: hivyo ndivyo vilivyokuwa kwenye kiberiti. Vikubwa haviwezi kupita. Vinabaki vimefungiwa.

Sasa angalia kinachotokea mgonjwa akipewa antibayotiki. Bakteria wanaoogelea kwenye usaha wanakufa, uvimbe unapungua, tundu linakauka na kufunga, nyumbani watu wanashukuru. Kipande mfu bado kimo. Dozi inaisha. Baada ya miezi, au miaka, usaha unakusanyika upya, na kwa kuwa mlango umefungwa safari hii unauma zaidi kabla haujapasuka.

Ukoga

Pitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya mswaki. Ule utelezi tunauita ukoga, na ndio mfano bora kabisa wa jambo la pili. Bakteria wakipata sehemu ngumu isiyo na uhai, iwe jino, ukuta wa mtungi, skrubu ya chuma au mfupa uliokufa, hujibandika, kisha hujifunika kwa utando wa ute wanaoutengeneza wenyewe. Ndani ya utando huo wengi wao hupunguza mwendo, wanakaribia kulala. Antibayotiki nyingi humkamata bakteria anapozaliana au kujenga ukuta wake; aliyelala anapitwa. Ndiyo maana bakteria walio ndani ya ukoga wanaweza kustahimili dawa mara mamia, hata elfu, kuliko wenzao wanaoelea. Tena si lazima wawe "sugu" kwa maana ya maabara. Kipimo kinaweza kuandika kwamba dawa fulani inawaua, na inawaua kweli, kwenye sahani ya maabara.

Jinsi kitu kigeni kinavyowarahisishia kazi ilionyeshwa London mwaka 1957. Watafiti Elek na Conen waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa stafilokoka chini ya ngozi. Ilihitaji mamilioni kutengeneza jipu. Walipotanguliza uzi wa hariri wa kushonea, mia chache zilitosha. Uzi tu. Hapo fikiria fimbo ya chuma ya sentimita thelathini.

Hili ndilo lililo nyuma ya usemi wetu wa mitaani kwamba "mwili umekataa chuma". Nimeusikia kwenye wodi, nimeusikia msibani, na mara nyingi anayesema hivyo anadhani damu ya mgonjwa haipatani na vyuma, kama vile kundi la damu lisilolingana. Mzio wa chuma upo lakini ni nadra. Chuma kinachotoa usaha kwa kawaida ni chuma kilichoota ukoga, na tofauti hiyo si ya maneno tu. Aliyeambiwa mwili umekataa huondolewa chuma na kurudishwa nyumbani akiamini shauri limekwisha, hali bakteria wameshahamia kwenye mfupa jirani.

Na kuhama wanajua. Mfupa imara una vijia vyembamba mno ambamo seli zake huwasiliana, vyembamba kuliko bakteria mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Rochester, jimbo la New York, walionyesha kwa darubini, kwenye mifupa ya panya, stafilokoka wakijibana na kujirefusha hadi wakaingia mle. Stafilokoka, hasa yule anayeitwa *Staphylococcus aureus*, ndiye anayeongoza katika ugonjwa huu duniani kote. Anaishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wazima bila kuwadhuru. Anaweza pia kujificha ndani ya seli za mfupa zenyewe. Seli nyeupe ya damu haiwezi kupita kwenye kijia kile, na dawa inayofika huko inafika imechoka.

Saa za mwanzo

Ajali zinazojaza wodi zetu za mifupa leo ni za bodaboda, na mfupa unaolipa zaidi ni muundi. Uguse sasa hivi: upande wa mbele na ndani hakuna nyama, ni ngozi na mfupa. Mfupa wa paja umezungukwa na misuli minene inayouletea damu; muundi upande huo umeachwa uchi tangu kuumbwa. Ngozi ikichanika pale, mfupa uko nje, na pamoja na mfupa kuna vumbi, mafuta ya pikipiki, na nyuzi za suruali.

Madaktari hupima ukubwa wa balaa hilo kwa mizani iliyotokana na kazi ya Ramon Gustilo na John Anderson huko Minneapolis, iliyochapishwa mwaka 1976 na kuongezwa mwaka 1984. Daraja la kwanza ni jeraha lisilofika sentimita moja. La tatu ni jeraha kubwa au lililotokana na nguvu kubwa, na lenyewe limegawanywa: lile ambalo ngozi na nyama zilizobaki zinaweza kuufunika mfupa, lile ambalo haziwezi, na lile ambalo mshipa mkubwa wa damu umekatika na lazima uungwe. Utaona mizani hiyo, ukiisoma vizuri, haihusu sana mfupa. Inahusu nyama. Kadiri nyama inavyopotea ndivyo damu inavyopotea, na hatari ya maambukizi hupanda daraja kwa daraja.

Kitu kinachoonekana kubadilisha mkondo mapema ni sindano ya antibayotiki, na mapema hapa ni ndani ya saa moja hivi tangu kuumia kama inawezekana. Haihitaji thieta wala bingwa. Kituo cha afya kinaweza kuitoa kabla ya gari la rufaa kuwashwa, na mimi naona hapa ndipo tunapopoteza miguu mingi kwa uzembe wa bei nafuu: mgonjwa anafungwa bandeji, anaandikiwa rufaa, anapanda gari saa tano, na sindano ya kwanza anaichomwa mjini usiku.

Kuosha ni jambo la pili, na hapo elimu imetuacha na mshangao mzuri. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,400 wa mivunjiko iliyo wazi, ulilinganisha maji ya chumvi ya hospitali na sabuni, na presha kubwa na ndogo ya kumwagia. Presha haikuleta tofauti. Sabuni ilishindwa: waliooshwa kwa sabuni walirudi thieta zaidi kuliko waliooshwa kwa maji ya chumvi peke yake. Maji mengi, lita kwa lita, na mkono usio na haraka. Hakuna mashine ya kununua hapo.

Vipi kuhusu chuma chenyewe, cha ndani au cha nje? Swali hili lilijibiwa Dar es Salaam. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iligawa kwa kura wagonjwa 240 wenye muundi uliovunjika na kuwa wazi, wengine wakawekewa fimbo ndani ya uboho, wengine vyuma vya nje vinavyoshikwa na pini. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya kutosha kati ya makundi hayo katika vifo na upasuaji wa marudio, ingawa wenye fimbo ya ndani mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Kwa msomaji wa kawaida maana yake ni kwamba ule ubishi wa "ningewekewa vya nje nisingeoza" hauna mguu wa kusimamia, walau kwa majeraha ambayo nyama bado inatosha kufunika. Majeraha mabaya kuliko hayo ni habari nyingine.

Kufunika ndiko ninakotaka kukazia. Daktari Marko Godina wa Ljubljana alichapisha mwaka 1986 hesabu ya mamia ya wagonjwa aliowapandikizia nyama juu ya majeraha makubwa ya miguu. Waliofunikwa ndani ya saa 72 walifanya vizuri kwa mbali kuliko waliosubiri. Mfupa uliokaa wazi wiki tatu unakauka, na mfupa uliokauka ni mfupa mfu mpya, umetengenezwa wodini. Hapa kwetu daktari wa mifupa yupo mikoani siku hizi. Anayeweza kugeuza kipande cha msuli wa shavu la mguu na kukilaza juu ya muundi ni adimu. Foleni ya kumsubiri ni kisababishi cha maambukizi kurudi, japo huwezi kuikuta kwenye fomu yoyote ya mgonjwa.

Kisu kisichoona haya

Mgonjwa akishapata maambukizi, upasuaji wa kusafisha ndio unaoamua karibu kila kitu. Daktari huchonga mfupa kwa patasi au kwa mashine yenye kichwa kinachozunguka, huku akimwagia maji usipate joto. Mfupa mfu ni mweupe wa pembe ya ndovu na haumwagi damu. Anaendelea kuchonga. Ghafla juu ya mfupa hujitokeza vitone vidogovidogo vyekundu, vimetawanyika kama pilipili ya unga iliyonyunyizwa juu ya sahani. Hapo ndipo mpaka wa uhai ulipo, hapo husimama. Daktari anayesimama kabla ya pilipili kwa kuogopa kuacha pengo kubwa amemwachia mgonjwa kiberiti chake.

Woga huo si wa kijinga. Ukishatoa vyote vinavyostahili kutoka, unabaki na shimo, na wakati mwingine mguu mfupi kwa sentimita tano au nane. Shimo lisilozibwa hujaa damu iliyoganda, na damu iliyoganda ni uji mtamu kwa bakteria aliyebaki. Kwa hiyo shimo lazima lijazwe: kwa msuli ulio hai, au kwa saruji ya kitabibu au chembe za kalsiamu zilizochanganywa na antibayotiki kama gentamisini au vankomaisini, zinazomwaga dawa papo hapo kwa kiwango ambacho kupitia mshipa kingeua figo. Mifupa iliyopungua hurefushwa kwa njia ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyeigundua huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950: pete za chuma kuzunguka mguu, mfupa unakatwa mahali penye afya, na skrubu zinazungushwa kidogokidogo, milimita moja kwa siku. Piga hesabu ya sentimita nane, kisha ongeza miezi ya mfupa mpya kukomaa. Mgonjwa anayetoroka katikati, na wapo, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri, anarudi na pini zilizooza.

Kuna na utulivu wa mfupa. Sehemu zilizovunjika zikichezacheza, mishipa midogo inayojaribu kuvuka ufa inakatwa kila mgonjwa anapokanyaga, kwa hiyo damu haifiki hata kama njia ilikuwapo. Chuma kilicholegea kina hasara mbili: kinabeba ukoga na hakishiki mfupa. Chuma kilichoshika imara ni mjadala tofauti, na madaktari wengi hukiacha hadi mfupa uunge ndipo wakitoe, huku wakiubana ugonjwa kwa dawa. Ukisikia daktari anasita kutoa chuma kwenye mguu unaotoa usaha, si lazima awe mvivu.

Mwenye mguu

Madaktari George Cierny na Jon Mader wa Texas, walipopanga ugonjwa huu kwa madaraja mwaka 1985, walifanya jambo la busara ambalo wengi walilipuuza: waligawanya mifupa kwa namna nne, kisha wakagawanya watu kwa namna tatu. Mtu wa A ana mwili mzima. Wa B ana kitu kinachomrudisha nyuma, ama pale mguuni penyewe ama mwili mzima. Wa C ni yule ambaye tiba yenyewe ingemuumiza kuliko ugonjwa, na kwake kuishi na tundu dogo linalotoa usaha mara mojamoja, akifunga pamba safi, ni uamuzi wa kitabibu wenye heshima zake.

Kwenye B wamejaa watu tunaowajua. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa: mishipa yake midogo imeziba, seli nyeupe zake zivivu, na miguu yake imekufa ganzi hivyo hajui kimeanza lini. Mwenye mishipa iliyokakamaa, figo zilizochoka, anayemeza dawa za steroidi kwa muda mrefu. Mwenye VVU anayemeza dawa zake na ambaye kinga yake imepanda hayumo kwenye kapu moja na asiyejua hali yake. Aliyekonda kwa njaa ya hospitali naye yumo, na hapa siwezi kuwacheka wanaobeba supu ya kongoro kwenye chupa ya chai kila jioni. Haiungi mfupa kimiujiza, ila mgonjwa anahitaji protini na hiyo ndiyo wanayoimudu.

Sigara nitaitolea takwimu kwa sababu watu huiona jambo la mapafu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wa watu 268 waliovunjika muundi ukawa wazi, waliokuwa wakivuta walipata maambukizi ya mfupa mara 3.7 zaidi ya wasiovuta. Hata waliokuwa wameacha walibaki na hatari iliyozidi. Nikotini hubana mishipa midogo, ileile inayotakiwa kuvuka ufa. Mgonjwa aliyelipiwa na ukoo mzima, anayechechemea na magongo hadi nyuma ya wodi kuvuta mbili, anaivunja ile kazi ya saa sita thietani.

Selimundu ina njia yake. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa ya mfupa kutoka ndani, sehemu zinakufa bila ajali yoyote, na bakteria wanaotoka tumboni, hasa salmonela, wanapata pa kutua. Kwa mtoto wa selimundu maumivu ya mfupa yanaweza kuwa shambulio la kawaida la ugonjwa wake au maambukizi, na hata bingwa huwa hatofautishi kwa macho. Watoto wasio na selimundu nao hupata maambukizi ya mfupa yanayoletwa na damu. Wakitibiwa siku za mwanzo wengi hupona kwa dawa peke yake, na wakicheleweshwa ndio wanaokua na matundu. Kwao daktari hasa hukawia kwa makusudi kutoa kipande mfu, mpaka ganda la mfupa mpya liwe na nguvu ya kubeba mguu.

Dawa: zipi, kwa muda gani

Wiki sita zilizozoeleka zina asili yake: mfupa uliochongwa huchukua takriban wiki nne hadi sita kujifunika tena na tishu yenye damu. Kwa miongo mingi iliaminika lazima ziwe sindano. Uingereza waliijaribu imani hiyo kwa wagonjwa 1,054, matokeo yakatoka mwaka 2019: waliopewa vidonge vilivyochaguliwa kwa makini walishindwa asilimia 13.2 ndani ya mwaka, waliochomwa sindano asilimia 14.6. Hakuna tofauti. Lakini tazama namba zenyewe. Kwenye nchi yenye maabara kila kona, karibu mmoja kati ya saba alishindwa.

Vidonge hivyo vilichaguliwa kwa kumjua mdudu, na hapo ndipo shemeji wa mjomba alipoponyokwa. Pamba ikipangusa usaha wa juu hukamata bakteria wa ngozini, wapita njia. Vipimo vinavyoaminika ni vipande vya nyama na mfupa vilivyochukuliwa ndani, wakati wa upasuaji, kutoka sehemu kadhaa na kwa vyombo tofauti. Mdudu mmoja akijitokeza kwenye vipande viwili au zaidi ndiye mwenye kesi. Ni vizuri zaidi mgonjwa akiwa ameacha antibayotiki kwa wiki mbili hivi kabla, kama hali yake inaruhusu. Mgonjwa anayenunua Ampiclox kila tundu linapofunguka anafika hospitali akiwa amewanyamazisha bakteria kiasi cha kutoota maabara, bila kuwaua. Na kwa Afrika Mashariki nyongeza moja: usaha wa mfupa usiokua na chochote kwenye sahani za kawaida upimwe kifua kikuu.

Ugonjwa ukiamka hauji na homa lazima. Mara nyingi ni maumivu ya usiku yanayorejea mahali pale pale, joto ukigusa, ngozi ya kovu inayong'aa na kubadilika rangi. Marudio mengi hujionyesha ndani ya mwaka wa kwanza. Eksirei ya mapema inaweza kuwa safi, kwa kuwa picha huchelewa kwa wiki mbili hivi nyuma ya ukweli. Tundu lililodumu miaka ishirini au thelathini, likaanza kuota nyama, kutoa damu au harufu isiyokuwapo, likatwe kipande kipimwe saratani. Wafaransa walilijua jambo hili tangu karne ya 19 na bado lina jina la daktari wao, Marjolin.

Mjomba alifanyiwa upasuaji mwaka 2004, na daktari aliyeagiza kwanza eksirei, akaiinua dirishani, akamwita asogee. Kwenye picha kulikuwa na kivuli cheupe chembamba ndani ya mfupa, kama kijiti kilichosahaulika ndani ya bomba. Walichonga, wakakitoa, wakalaza juu yake kipande cha msuli. Alipozinduka aliomba aonyeshwe. Nesi akamletea kwenye kikopo cha maabara: urefu wa kidole cha mwisho, ncha zake zimeliwa kama zimetafunwa na panya. Alijaribu. Hakikuingia kwenye kiberiti.